Anza Sentensi na Nafsi Yako: Namna ya Kuongoza Watu kwa Uwajibikaji na Nidhamu Niliyoipata Jeshini

Asubuhi moja ya msimu wa masika, lori likiwa limeegeshwa nje ya godauni tunamohifadhi vifaa vya ujenzi katika eneo la viwanda jijini Nairobi, kijana anayesimamia stoo alinijia akaniambia, “Mzee, funguo zimepotea.” Dereva alikuwa akitazama saa, wapakizi wanne walikuwa wamekaa juu ya magunia matupu, na mteja wa Ruai alikuwa amekwisha kupiga simu mara mbili. Nilimwomba kijana yule aiseme upya sentensi yake, ila safari hii aianze na nafsi yake. Alisita kidogo, kisha akasema, “Nimezipoteza, mzee. Jana jioni niliziweka juu ya mizani nilipokuwa nikipokea misumari, halafu nikaitwa getini.” Funguo zilikuwa zimeangukia nyuma ya mizani, na hazikuchukua dakika tano kuonekana.

Namna hiyo ya kuuliza niliipata jeshini, nilikotumikia kwa miaka 12 kabla ya kurudi uraiani. Nikiwa koplo mwenye kuongoza kikundi cha watu 8, tulirudi kutoka mazoezi ya usiku nikamripotia sajini kwamba dira yetu imepotea. Alinijibu kwamba dira haina miguu, akataka kujua nani alikuwa nayo. Nilimtaja askari aliyepewa, nikidhani nimejitoa. Sajini akauliza tena, kwa sauti ile ile ya chini, nani alimkabidhi, lini, na kama alimwambia aifunge kwenye mkanda. Nilimkabidhi mimi, gizani, bila kumwambia lolote. Nilipolisema hilo ndipo aliponiruhusu kukaa, nasi tukaanza kupanga namna vifaa vya usiku vitakavyokabidhiwa kuanzia siku ile.

Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya mtu anayeongoza watu wachache: msimamizi wa duka, mweka hazina wa chama, fundi mwenye wasaidizi watatu, mama anayeendesha hoteli ndogo kule Gikomba. Huna cheo begani wala huna mahabusu ya kumfungia mtu. Una maneno yako, saa yako na mwenendo wako tu, na kwa maoni yangu hivyo vinatosha iwapo utavitumia kila siku.

Sentensi yenye mtendaji hubeba habari

Lugha yetu ina kauli ya kutendeka, ambayo ni tajiri na nzuri, lakini ni kichaka kizuri sana cha kujifichia. Glasi imevunjika, hesabu imeharibika, simu haikupatikana: katika sentensi hizo zote hakuna mtu. Wengi hudhani kwamba ubaya wake ni wa kimaadili pekee, kwamba msemaji anakwepa lawama. Mimi naona hasara kubwa zaidi iko kwenye kazi yenyewe, kwa sababu sentensi isiyo na mtendaji haina pia mahali, saa wala sababu, na kwa hiyo hakuna anayejua pa kuanzia kurekebisha. “Zimepotea” hufunga mazungumzo. “Niliziweka juu ya mizani” humpeleka mtu moja kwa moja kwenye mizani.

Anza na wewe mwenyewe kabla ya kumdai mtu mwingine. Chukua daftari dogo, na kwa muda wa wiki moja, kila jioni, andika makosa ya siku hiyo kwa sentensi zinazoanza na “ni-” au “si-”: nilichelewa, sikumpigia mteja, niliahidi saa nne nikijua haitawezekana. Chini ya kila sentensi andika jambo moja utakalofanya kabla ya adhuhuri ya kesho. Usiandike zaidi ya makosa matatu, maana anayeandika kumi huishia kujihurumia badala ya kurekebisha. Vilevile, kabla ya kutuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la kazini, usome na utafute vitenzi visivyo na mtu. Utashangaa ni vingi kiasi gani, nami nakuomba usikate tamaa unapovigundua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka kwa mtu aliyebeba mzigo mkubwa kuliko wetu. Mnamo Juni 1944, Jenerali Dwight Eisenhower, kamanda mkuu wa majeshi ya Washirika yaliyokuwa yakijiandaa kutua katika pwani ya Normandy nchini Ufaransa, aliandika kwa penseli taarifa fupi ya kutolewa endapo mashambulizi yangeshindwa. Kwanza aliandika kwamba vikosi vimeondolewa. Kisha akayakata maneno hayo, akaandika kwamba yeye ndiye aliyeviondoa, na akamaliza kwa kusema kwamba kama kuna lawama au kosa lolote, ni lake peke yake. Vikosi vilitua tarehe 6 Juni na kufanikiwa kushika ufuo, na taarifa ile haikutolewa kamwe. Katika karatasi hiyo alikosea mwezi, akaandika Julai badala ya Juni, na kila ninapolikumbuka kosa hilo naona mtu aliyechoka ambaye bado, katika uchovu wake, alijali ni nani atakayekuwa mtendaji wa sentensi.

Zingatia kwamba aliandika kabla, matokeo yakiwa hayajajulikana. Hapo ndipo kuna zana ambayo naitumia mpaka leo. Siku mbili kabla ya kazi kubwa, kaa chini uandike ujumbe wa kumwomba radhi mteja kana kwamba kazi imekwisha kuharibika, na uandike kwa nafsi ya kwanza. Kabla ya kupeleka saruji ya kumwagia zege la ghorofa kule Syokimau niliandika hivi: “Saruji haikutosha kwa sababu sikuthibitisha lori la pili, na sikumwuliza msimamizi wa mjengo kama barabara ya ndani inapitika baada ya mvua.” Nilipomaliza kuandika niliinua simu nikauliza yote mawili. Barabara haikupitika, na tulikuwa na siku nzima mbele yetu ya kutafuta gari dogo. Woga wa kushindwa, ukiandikwa kwa sentensi zenye mtu ndani yake, hugeuka kuwa orodha ya kazi.

Liko neno moja linaloanza na “ni-” lakini bado ni maficho, nalo ni “nilitumwa”. Watu hudhani jeshi ndilo makao ya neno hilo, kumbe sheria za vita zimelikataa kwa uzito mkubwa: mahakama ya Nuremberg, iliyowahukumu viongozi wa Ujerumani ya Wanazi katika miaka ya 1945 na 1946, haikukubali kwamba amri ya mkubwa humwondolea mtu hatia. Ukiambiwa uandike kwenye hati ya kupokea mizigo kwamba umepokea mabati 200 ilhali umehesabu 180, sahihi itakuwa yako. Andika 180, mwambie mkubwa wako kwa heshima kwamba ndiyo hesabu uliyoiona, na uwafundishe walio chini yako wakufanyie hivyo hivyo.

Panga siku kwa kurudi nyuma

Nidhamu ya nafsi hupimwa usiku zaidi ya asubuhi. Askari aliyepanga vifaa vyake kabla ya kulala, kila kimoja mahali pake pa siku zote, anaweza kuvifikia gizani bila kupapasa. Wengi wetu raia huamka tukatafuta soksi, chaja na kitambulisho kwa pamoja, na kufikia saa moja asubuhi tumekwisha kugombana na nyumba nzima. Chagua mahali pamoja karibu na mlango, uweke hapo funguo, simu, daftari na viatu vilivyokwisha kupigwa rangi, na usivibadilishe mahali.

Kisha hesabu muda kutoka mwisho kuja mwanzo. Tuseme unatakiwa kufungua godauni saa mbili kamili, nawe unaishi Kahawa West. Watu wako wanapaswa kukukuta getini, kwa hiyo uwe umefika saa mbili kasorobo. Kutoka katikati ya jiji hadi eneo la viwanda tenga dakika 40. Kwa Barabara ya Thika, siku ya mvua, tenga saa moja na robo, na dakika 20 za kungoja matatu ijae. Ukirudi nyuma hivyo utaona kwamba unapaswa kuwa stejini saa kumi na moja na nusu, wala si saa kumi na mbili kama ulivyozoea. Msongamano wa Pangani haukuzuka leo. Kiongozi anayeutaja kila wiki kama sababu ya kuchelewa anawafundisha watu wake kwamba nao watafute yao.

Katika kupanga kazi za wengine, majeshi mengi hufuata kanuni ya theluthi: kamanda hutumia theluthi moja ya muda uliopo kupanga na kutoa maagizo, na theluthi mbili huwaachia walio chini yake. Ukipata agizo saa mbili asubuhi na mzigo unatakiwa kuondoka saa nane mchana, una saa 6, basi maagizo yako yawe yametoka kabla ya saa nne. Mimi mwenyewe niliivunja kanuni hii mara nyingi nilipoanza kazi ya uraiani, nikikaa na karatasi zangu hadi adhuhuri halafu nikiwakimbiza wapakizi, nikiita jambo hilo uvivu wao.

Kukabidhi

Mlinzi wa jeshi haondoki lindoni mpaka aje wa kumpokea. Kukabidhi nako kuna maneno yake: nimefanya hili, sijafanya lile, na jambo hili linanitia wasiwasi. Hilo la tatu ndilo watu huliacha, nalo ndilo lenye thamani kuliko yote. Karibu kila geti la Nairobi lina kitabu cha OB, yaani cha kuandikia matukio, na hakuna kinachokuzuia kuwa na cha kwako stoo, chenye saa, jina na sahihi za wote wawili.

Kazi unaweza kumkabidhi mtu, pamoja na mamlaka ya kuifanya. Uwajibikaji wake unabaki kwako uliyemkabidhi. Dira yangu ilinifundisha hivyo.

Walio chini yako wale kwanza

Kwenye Barabara ya Kenyatta, katikati ya jiji, kuna sanamu za shaba za kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, na maandishi yake, ambayo yapo kwa Kiswahili pia, huwaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Jina la Kariokor, mtaa wa hapa Nairobi, linatokana na kikosi chao, Carrier Corps, lililotamkwa kwa midomo ya wenyeji. Wapagazi wale walikufa kwa wingi zaidi kwa maradhi na utapiamlo kuliko kwa risasi. Nisimamapo pale siwezi kulisifu jeshi kwa kila kitu, kwa maana nidhamu walidaiwa wapagazi kikamilifu, ilhali chakula, dawa na mapumziko hawakupewa kwa ukamilifu huo huo. Nidhamu inayopanda tu kwenda juu bila kushuka si nidhamu ninayoitetea hapa.

Kwa hiyo ujue wapakizi wako wamekula nini kabla ya kuwadai mwendo. Mimi huhakikisha chai na mandazi vimewafikia wote ndipo nijimiminie, na birika likinikaukia, siku hiyo nimejua kwamba bajeti ya chai haitoshi.

Kikao cha Jumamosi

Katika miaka ya 1970 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilianzisha utaratibu wa kukaa baada ya kila zoezi na kuuliza maswali machache: tulikusudia nini kitokee, kilitokea nini hasa, kwa nini vilitofautiana, na safari ijayo tufanye nini. Sisi hukaa Jumamosi saa sita mchana, kivulini kando ya lori, kwa dakika 20. Cheo hakina nafasi pale, na kiongozi huanza kwa kutaja kosa lake mwenyewe la wiki hiyo, kosa la kweli, lenye saa na mahali. Ukianza na kosa la kijana, wengine wote watanyamaza, na kikao chako kitakuwa kimekufa kabla ya swali la pili. Jumamosi tatu za kwanza huenda ukasema peke yako. Vumilia, endelea kusema.

Siku mtu wa kwanza atakaposema “nilikosea” mbele ya wenzake, jinsi utakavyompokea ndiyo itakayoamua kama atapatikana wa pili. Usimpigie makofi, wala usimkumbushe makosa yake ya zamani. Mshukuru kwa habari aliyoileta, mwulize atafanya nini, na uiandike kwenye daftari ili Jumamosi inayofuata mtazame. Kama kuna hasara ya kulipwa, ilipwe kwa kiasi mlichokubaliana tangu awali, bila matusi juu yake.

Yule kijana wa stoo nilimnyang'anya funguo kwa siku moja tu, nikazishika mwenyewe hadi alipopigilia msumari ukutani, juu kidogo ya mizani, na kuandika chini yake kwa chaki jina lake na saa ya kuzitundika. Kesho yake nilimrudishia.