Ukionwa, Usianze Upya

Kwa yeyote anayecheza michezo ya video ya kunyemelea, nashauri jambo moja: mlinzi akikuona, usikimbilie kurudi pale ulipohifadhi mchezo, bali endelea na hali ilivyo, kwa kuwa utamu wa michezo hii umo katika muda ule mfupi kati ya kushukiwa na kukamatwa. Mlinzi anaposimama, akageuka na kuanza kutafuta, ndipo unapolazimika kukumbuka kila mlango uliopita, kila kona yenye giza na njia anayopita mwenzake wa zamu; anayeanza upya kila mara hujinyima yote hayo.

Ni kweli kwamba mchezo wenyewe lazima ukupe habari za kutosha. Thief, uliotoka mwaka 1998, uliliweza hilo vyema sana: kito kilicho chini ya skrini huonyesha umemulikwa kiasi gani, na nyayo husikika mno juu ya vigae au chuma lakini hufifia juu ya zulia, hivyo ukionwa unalijua kosa lako. Sisi wa Lamu, tuliozoea vichochoro vyembamba ambamo mtu husikika kabla hajaonekana, twaelewa upesi kwa nini sauti ina uzito huo. Basi vaa hedifoni, hata kama ni za bei ndogo, na kabla ya kutoka mafichoni mwache mlinzi akamilishe mzunguko wake mzima, kisha ndipo usogee.