Kabla ya somo la kwanza: namna ya kuzijua dhana za mwanafunzi wa Kiswahili, na zako mwenyewe

Mwalimu anayemfundisha mgeni Kiswahili hudhani kwamba kazi inaanzia kwenye salamu, ilhali mwanafunzi amekwisha kujiamulia mengi kabla ya kufika darasani: kwamba lugha hii ni nyepesi au ngumu, kwamba itamchukua muda fulani, kwamba kosa ni aibu au ni jambo la kawaida, na kwamba mwalimu mzuri hufanya hivi wala hafanyi vile. Mwalimu naye ana yake. Pande hizi mbili zisipoambiana, manung'uniko huanza mnamo wiki ya tatu, na kila upande humwona mwenzake kuwa mvivu.

Anza kwa dodoso fupi. Katika miaka ya 1980, Elaine Horwitz wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin alitunga dodoso la dhana za wanaojifunza lugha, linalogusa ugumu wa lugha, kipaji, namna lugha inavyojifunzwa, mbinu za kujifunza na kuwasiliana, na msukumo wa mwanafunzi. Si lazima ulichukue lote. Kauli nane zinatosha, nawe ziandike kwa lugha ambayo mwanafunzi anaisoma bila taabu. Miongoni mwazo zisikose hizi: kwamba haifai kusema neno mpaka uwe na hakika kuwa ni sahihi, kwamba makosa ya mwanzo yakiachwa hayatoki tena, kwamba kujifunza lugha ni hasa kukariri msamiati, na swali la muda, yaani mtu akisoma saa moja kila siku, atazungumza vizuri baada ya miaka mingapi. Kila kauli ijibiwe kwa ngazi tano, kutoka kukubali kabisa hadi kukataa kabisa. Ila usiliite "Dodoso la Imani", kwa maana wapo watakaodhani unawauliza dini zao.

Kisha ulijaze wewe kabla hujaona majibu ya wanafunzi, na hapa ndipo walimu wengi tunaporuka. Mimi nilikataa kabisa kauli ya kwamba haifai kusema mpaka uwe na hakika, kwa sababu kila siku nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wasiogope kukosea. Lakini nilipojirekodi kwa simu nikifundisha, nikasikia mambo mengine. Mwanafunzi alisema, "Jana nilinunua samaki mbili." Nikamkata: "Wawili." Akaendelea: "Wawili, na muuzaji alisema samaki hii…" Nikamkata tena: "Hawa." Akanyamaza, na mpaka leo sijui muuzaji alisema nini. Kwa hiyo majibu yako ya karatasini yapime kwa dakika kumi za sauti yako mwenyewe, kwani dhana ya mwalimu huonekana zaidi katika anachokifanya kuliko katika anachokikubali.

Ukishakuwa na majibu ya pande zote mbili, tafuta tu mahali ambapo mmepishana kwa ngazi mbili au zaidi, uyazungumze hayo na darasa kwa muda usiozidi dakika ishirini. Tofauti kubwa aghalabu huwa katika mambo mawili.

La kwanza ni muda. Wageni wengi huambiwa kwamba Kiswahili ni rahisi, na kwa upande wa matamshi na tahajia ni kweli: neno husomwa kama lilivyoandikwa, na mkazo karibu daima huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ngeli zinapoingia, na mwanafunzi akakutana na "rafiki yangu mzuri" ambamo neno moja limechukua upatanisho wa aina mbili, hujiona mjinga kwa sababu anashindwa na kitu alichoambiwa ni rahisi. Mpe kipimo cha kweli: taasisi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia lugha hukipangia Kiswahili takriban wiki 36 za masomo ya kutwa, na Kiarabu wiki 88. Aliyekuja kwa wiki tatu atajua atarajie nini.

La pili ni kusahihishwa. Wapo wanaotaka kila kosa lirekebishwe papo hapo, na ukiacha moja huona hawapati thamani ya ada yao. Usibishane nao, patana nao. Wakati wa mazungumzo, mwalimu aandike makosa daftarini bila kumkatiza mtu, na dakika tano za mwisho yasahihishwe matatu tu, yale yanayojirudia. Asiyethubutu kusema naye mpeleke sokoni, mathalani Darajani mjini Zanzibar, akaulize bei ya vitu vitatu, na umpe alama kwa majibu aliyorudi nayo, si kwa sarufi. Mfundishe pia kusema, "Naomba unijibu kwa Kiswahili, ninajifunza," maana wauzaji wa pale ni wakarimu wa Kiingereza kupita kiasi.

Kuna dhana zisizotokana na mbinu za kujifunza, na hizo zinahitaji uangalifu zaidi. Mzungumzaji wa Kiganda hana cha kuogopa katika ngeli, kwani anayesema "ekitabo kyange" yuko hatua moja tu kutoka "kitabu changu". Lakini huenda amelelewa akiambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na ya vitisho, sifa iliyoshikamana na lugha hii huko Uganda kutokana na matumizi yake jeshini, hasa enzi za Idi Amin. Mtu huyo ukimwongezea mazoezi ya sarufi hutamsaidia. Mpe mazungumzo na wazee, barua, taarabu na masimulizi, aisikie lugha hiyo kwenye vinywa vingine.

Kozi ikifika katikati, rudia dodoso lilelile bila kumwonyesha mtu majibu yake ya awali, halafu mkabidhi karatasi zake zote mbili akae nazo. Zako pia ziweke mezani wazione.