Namna ya kuchagua mafuta mazuri yanayopatana na ngozi yako

Assalamu alaykum ndugu zangu. Kila nikimaliza kumpamba bi harusi, lazima mmoja wa dada zake anivute kando: "Somo, mafuta uliyompaka huyu yananukia mpaka barazani. Mbona mimi nimenunua hayo hayo na kwangu hayafiki adhuhuri?" Nimeulizwa hivi hapa Lamu, mtaani Langoni, nimeulizwa Shela, na juzi akaniuliza mtu aliyekuja na boti kutoka Faza, chupa iko mkononi. Nimeona bora niandike yote mahali pamoja, kisha nijibu maswali ya wanakikundi yaliyonifikia.

Ninaposema mafuta mazuri nakusudia yale yasiyo na spiriti, yanayouzwa kwa tola na kupakwa kwa kijiti cha kifunikoni. Marashi ya kupuliza ni mlango mwingine. Spiriti huruka upesi na kuitupa harufu hewani mara moja. Mafuta hulala juu ya ngozi na kuiachia harufu kidogo kidogo kwa joto la mwili, ndiyo maana chupa moja inaweza kunukia vingine kwa mama na vingine kwa bintiye.

Hatua ya kwanza: ijue ngozi yako

Oga, jifute, usipake chochote, ukae kama saa moja. Halafu tazama miguu na mikono. Ngozi ikiwa inavuta, na ukipitisha ukucha unabaki mstari mweupe, hiyo ni kavu. Ukibandika karatasi ya shashi ikatoka na doa linalong'aa, ni ya mafuta. Wengi mtajikuta katikati. Usihukumu kwa uso peke yake, maana uso unaweza kuwa na mafuta na mikono ikawa mikavu, na mafuta mazuri hayapakwi usoni.

Iko na ngozi ya tatu, ile inayowasha na kutoka vipele hata kwa sabuni mpya. Mwenye hiyo asome hatua ya nne kabla ya kununua kitu chochote.

Hatua ya pili: linganisha harufu na ngozi

Ngozi kavu haishiki harufu. Ukiipaka mafuta mepesi yenye limau au chungwa, nusu saa haiishi umebaki na mkono mtupu. Chagua yenye mzizi mzito: udi, sandali, ambari, miski. Na kabla ya kupaka, lainisha kwanza mahali penyewe kwa mafuta ya mgando yasiyo na harufu, ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga. Mafuta ya nazi ya kupika nyumbani pia yanafaa, ila yana harufu yake. Hukaa vizuri na asumini, lakini na udi hugombana, na mimi siwezi kuvumilia ugomvi huo puani.

Ngozi ya mafuta ina tabia kinyume. Inaishika harufu na kuikuza. Ambari tamu iliyochanganywa na vanila, ambayo kwa mwenzako ni raha, kwako itamkaba mtu wa safu ya pili. Nenda kwenye haluwaridi (mafuta ya waridi), asumini, mrehani, au sandali peke yake. Mpako mmoja unatosha.

Halafu kuna majira. Wakati wa kaskazi, joto na unyevu wa hewa huifanya kila harufu ipande juu kwa nguvu, kwa hivyo hata mwenye ngozi kavu apunguze. Kusi likianza na ubaridi wake, toa udi wako kabatini.

Hatua ya tatu: jaribu kwenye mwili, usinunue kwa pua

Hapa ndipo watu hupoteza pesa. Mtu anasimama dukani Usita wa Mui, njia kuu ya maduka, anafunua chupa kumi, ya tatu tu pua imeshachoka, ya kumi anainunua. Harufu ya mdomo wa chupa ni ile inayotangulia, nayo ndiyo inayotangulia kuondoka.

Chagua mbili tu. Moja paka kifundo cha mkono wa kulia, nyingine wa kushoto. Usisugue. Toka dukani bila kununua, na muuzaji mwungwana hatakasirika, maana anajua utarudi. Shuka mpaka ufukoni, unuse. Sasa unasikia utangulizi, mara nyingi wa matunda au majani. Nusu saa baadaye, ukiwa umeshafika nyumbani, nusa tena, ndipo maua hujitokeza. Kisha ziache kabisa mpaka baada ya alasiri. Kitakachokuwa kimebaki hapo ndicho utakachoishi nacho, na ndicho watakachokisikia wenzio wakikukaribia. Kama jioni yake huipendi, usiyanunue hata asubuhi yake ikiwa nzuri namna gani.

Ukishaamua, anza na chupa ndogo. Tola nzima ni kama gramu 11.7, na chupa zake huandikwa mililita 12. Robo tola, mililita 3, inatosha kabisa kwa mwezi wa kujuana.

Hatua ya nne: hakikisha hayakudhuru

Hili nalisema kwa uchungu. Miaka iliyopita nilichanganya mwenyewe karafuu na mdalasini ndani ya sandali. Mkononi mwangu hayakufanya lolote. Nikampaka bi harusi shingoni usiku, kesho yake akiwa anatolewa nje kuonyeshwa wageni. Alfajiri nikaitwa. Shingo yote ilikuwa vipele na imevimba, na mtoto wa watu analia kwa muwasho. Tulimsafisha, tukamfunika kwa mtandio, akakaa hivyo mbele ya wageni. Mama yake hakuninenea neno baya, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko matusi.

Mdalasini na karafuu ni miongoni mwa manukato yanayojulikana sana kwa kuamsha mzio. Tangu siku ile simpaki mtu bila kumjaribu. Tone moja ndani ya mkono, karibu na pale unapokunjika, na usubiri siku mbili kamili. Saa moja haitoshi, kwa sababu mzio wa ngozi huja polepole. Ukiona wekundu au muwasho, osha kwa sabuni na uachane nayo. Ukivimba uso au pumzi ikabana, kimbilia hospitali.

Jihadhari pia na chupa za zamani. Vilivyomo ndani ya mrehani na malimau, vikipigwa na hewa muda mrefu, hugeuka na kuwa vikali zaidi kwa ngozi. Funga kifuniko barabara, weka kabatini, mbali na dirisha la jua.

Maswali ya wanakikundi

*Somo shikamoo. Ngozi yangu kavu lakini moyo wangu uko kwa asumini. Niiache?*

Marahaba mwanangu. Usiiache. Paka sandali kidogo kwanza, ingoje ikae, kisha asumini juu yake. Sandali ndiyo itakayoishika. Hata Kannauj kule India, mafuta ya maua kwa desturi hutonezwa ndani ya mafuta ya sandali, kwa sababu hiyo hiyo. Na usiku wa nyumbani jifungie kikuba cha asumini, harufu hiyo haihitaji ngozi.

*Bi Somo, mimi miski yangu siisikii kabisa, mume wangu anasema inamuumiza kichwa.*

Msikilize yeye, mwanangu. Pua huzoea harufu ya mwenyewe baada ya muda mfupi, na miski ina jambo lake la ziada: baadhi ya watu hawazisikii kabisa aina fulani za miski, ilhali pua zao ni nzima. Ukiongeza mpako kwa sababu husikii, unawaadhibu wengine. Punguza, au badilisha upate harufu ambayo nyote wawili mnaisikia.

*Mume wangu ni mvuvi, ngozi yake ya mafuta. Nimemnunulia mafuta yenye ndimu na bergamoti. Yanamfaa?*

Kwa ngozi yake ndiyo, kwa kazi yake hapana. Mafuta yanayokamuliwa kwenye maganda ya ndimu na bergamoti yana vitu ambavyo vikipigwa na jua huichoma ngozi na kuacha mabaka meusi. Bila shaka umeshaona mtu aliyekamua ndimu juani akatoka madoa mikononi. Apake usiku, au sehemu iliyofunikwa na nguo.

*Shangazi, naomba ushauri wa ijumaa. Udi umeniharibia kanzu mbili nyeupe.*

Mafuta ya udi yana rangi nzito, hayaguswi na kitambaa cheupe. Paka nyuma ya masikio na kifuani, ungoje yakauke, ndipo uvae. Kanzu yenyewe ifukize kwa chetezo, moshi wa udi unaingia kwenye nguo bila kuacha doa.

*Somo, kuna mafuta ya sandali ya bei rahisi sana, nichukue?*

Uliza ni sandali ya wapi. Sandali halisi ya India haiwezi kuwa rahisi. Msandali wetu wa Kenya, serikali ilipiga marufuku kuukata tangu mwaka 2007, kwa sababu watu walikuwa wanaung'oa hadi mizizi. Kama ni ya kiwandani na muuzaji anakwambia wazi kuwa ni ya kiwandani, hakuna ubaya, jaribu siku mbili ndani ya mkono kama nilivyoeleza. Akikuapia kuwa ni halisi kwa bei hiyo, mrudishie chupa yake.