Namna ya Kupima Uwezo wa Pemba wa Kuhimili Maafa ya Tabianchi

Anayetaka kujua kama kisiwa kinaweza kuhimili maafa yanayoletwa na mabadiliko ya tabianchi hana budi kwanza atenganishe mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa: hatari yenyewe, kama vile mvua kubwa ya masika, kimbunga au bahari kupanda mashambani, udhaifu wa watu na mali walizonazo, na uwezo wa kuhimili, yaani taasisi, miundombinu na huduma zinazoendelea kufanya kazi hatari ikishafika. Fahirisi ya kimataifa ya hatari za maafa, INFORM, hufuata mgawanyo huu: kila sehemu (ile ya tatu ikipimwa kama upungufu wa uwezo) hupewa alama kuanzia 0 hadi 10, alama hizo tatu huzidishwa, kisha hutafutwa kipeuo cha tatu cha zao lake. Ile ya Chuo Kikuu cha Notre Dame cha Marekani, ND-GAIN, huongeza suala la utayari wa kiuchumi, kiutawala na kijamii.

Zote mbili zinafaa kusomwa, lakini huipa Tanzania namba moja tu. Katika sensa ya 2022 nchi ilikuwa na watu 61,741,120, na kati yao Zanzibar ilikuwa na 1,889,773, kiasi cha asilimia 3. Kwa hiyo wastani wa taifa hautikisiki hata bahari ikiingia katika mabonde yote ya Kisiwa Panza, kisiwa kidogo kusini mwa Pemba. Wala haitoshi kushuka hadi Zanzibar ukasimama hapo. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ilhali Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na zao la karafuu likaja kutegemea zaidi mashamba ya huku. Anza basi na shehia, yaani eneo dogo kabisa la utawala Zanzibar, kisha ukusanye matokeo hadi wilaya: Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani.

Katika kuchagua viashiria, kila kimoja kiulize hivi: je, kinaonyesha kitu kilichopo, au kitu kitakachofanya kazi siku ya maafa? Hapa ndipo vipimo vingi vinapopotoka. Asilimia ya nyumba zenye umeme, kwa mfano, inasomeka vizuri kwenye ripoti, lakini umeme wa Pemba hufika kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na Unguja nayo hutegemea waya wa namna hiyo. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mmoja, na kuanzia Desemba 2009 ikakaa tena kwa miezi mitatu hivi. Maafa hayo hayakuletwa na hali ya hewa, lakini yalifundisha kwamba umeme ukikatika, pampu za maji nazo husimama. Kwa hiyo usihesabu mifereji ya bomba. Ulizia shehia ina visima vingapi vinavyotekwa kwa mkono, vingapi kati yake bado ni vya maji baridi, na tangi la kituo cha afya hutosha siku ngapi bila kujazwa. Maswali haya waulize wanawake peke yao pia, kwa sababu wao ndio wachotaji, na majibu yao huwa sahihi zaidi kuliko ya daftari.

Kwa afya, pamoja na idadi ya madaktari, andika muda wa kumfikisha mgonjwa hospitali barabara ikiwa imekatika au bahari ikiwa imechafuka. Kwa wakaazi wa visiwa vidogo, swali hili lina uzito kuliko mengine yote.

Tahadhari hupimwa kwa saa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa, kama ilivyofanya Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, lakini kinachotakiwa kupimwa ni safari ya taarifa hiyo kutoka redioni hadi kwa sheha, kiongozi wa shehia, na kutoka kwa sheha hadi kwa mvuvi aliyeko dago, yaani kambi ya wavuvi. Fanya jaribio kwa makubaliano na kamati ya maafa: tuma ujumbe, andika saa, kisha uhesabu ni nyumba ngapi zimeupata kabla ya jua kutua. Siku hiyo hiyo uliza skuli itakayopokea waliohamishwa ni ipi, na ufunguo wake anao nani.

Maji chumvi yanayoingia mabonde ya mpunga wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, yanahitaji kipimo chake, kwa kuwa hayaui mtu wala hayatangazwi, bali huondoa chakula polepole. Kipimo kinachofaa ni idadi ya misimu inayopita kabla ya bonde kulimika tena, na nani aliyegharimia tuta: serikali, mradi, au wakulima wenyewe.

Ukishapata takwimu, zigeuze ziwe kwenye mizani moja: kutoka kila namba toa thamani ya chini kabisa uliyoipata, gawa kwa tofauti kati ya ya juu na ya chini, zidisha kwa 10, na pale ambapo namba kubwa ndiyo mbaya, toa jibu kutoka 10. Jihadhari na wastani. Tuchukulie shehia ina alama 8 kwa afya, 8 kwa tahadhari na 2 kwa maji: wastani wa kawaida ni 6, na kwa kipeuo cha tatu ni 5 hivi. Mimi huandika ile 2 mwanzoni mwa ripoti, kwa sababu watu hawatakunywa wastani.

Rudia kipimo kabla ya masika na kabla ya vuli, kwa maswali yale yale, na kila mara matokeo yasomwe mbele ya wanashehia kabla hayajapelekwa wilayani, ili aliyehesabiwa kisima kilichokwisha kuingia chumvi apate kusahihisha.