Somo: Kuhamisha sauti za kaseti kuukuu hadi kwenye kompyuta

Kaseti ya kwanza niliyojaribu kuhamisha ilikuwa ya bibi yangu mzaa mama, akizungumza na mjomba barazani kwake Majengo, Pumwani. Nilinunua deki ya mtumba, nikaiunganisha na laptopu, nikatumbukiza kaseti papo hapo kwa hamu ya kumsikia. Gurudumu la mpira ndani ya deki lilikuwa limekauka, na mashine ikatafuna karibu mita moja ya utepe. Utepe wa kaseti hupita sentimita 4.76 kwa kila sekunde, kwa hiyo mita moja ni kama sekunde 20. Katika sekunde hizo bibi alikuwa anataja kijiji walikotoka wazazi wake. Leo hakuna aliyebaki wa kumuuliza.

Ndiyo maana somo hili linaanza na mashine. Kompyuta itakuja baadaye, na sehemu yake ni nyepesi kuliko mnavyodhani.

Hatua ya kwanza: mashine ya kuchezea

Iliyo bora ni deki ya muziki yenye matundu mawili nyuma, jekundu na jeupe. Redio kaseti yenye tundu la hedfoni inafaa pia, hata Walkman, mradi mwendo wake umetulia. Vile vichezeo vidogo vya plastiki vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye USB mimi sivipendekezi kwa kaseti yenye thamani. Mota zake ni dhaifu na mwendo huyumba, ukasikia sauti ya mtu ikitetemeka kama aliyepatwa na baridi. Kwa mahubiri ambayo unayo nakala nyingine, sawa.

Kabla ya yote, fungua mlango wa kaseti umulike ndani kwa tochi. Utaona hedi, kile kichuma kinachong'aa kinachosoma utepe. Kando yake kuna msumari mwembamba unaozunguka, na gurudumu dogo la mpira linaloubana utepe kwenye msumari huo. Vitu hivi vitatu ndivyo vinavyoamua kama kaseti yako itatoka salama.

Chovya pamba ya masikio katika alkoholi ya isopropili, ya 99% ukiipata. Ulizia kwa wauza vipuri vya elektroniki, Luthuli Avenue jijini Nairobi au kwingineko. Spiriti ya kusafishia vidonda mara nyingine huwa imechanganywa na mafuta, basi usiitumie. Sugua hedi na ule msumari hadi pamba itoke nyeupe. Hiyo rangi ya kahawia unayoiona ni unga wa sumaku uliomomonyoka kutoka kwenye kaseti za miaka mingi. Gurudumu la mpira lisafishe kwa maji yenye sabuni kidogo, ulikaushe vizuri, kwa sababu alkoholi hukausha mpira. Likiwa limepasuka au linang'aa kama kioo, mpelekee fundi alibadilishe.

Mwambie fundi huyo huyo aangalie belti, ile mikanda ya mpira inayozungusha mashine. Belti za zamani huyeyuka zikawa kama lami, na mashine inayoanza kuzunguka polepole halafu ikasimama mara nyingi ina tatizo hilo.

Kisha ijaribu kwa kaseti usiyoijali, pande zote mbili, mwanzo hadi mwisho. Mimi sikufanya hivyo.

Hatua ya pili: kaseti yenyewe

Iinue kwenye mwanga utazame kupitia kile kidirisha. Ukiona unga mweupe pembeni mwa utepe, hiyo ni kuvu, na hupatikana sana kwenye kaseti zilizokaa chini ya kitanda katika chumba chenye unyevu misimu mingi ya masika. Usiicheze. Itachafua hedi, na hedi itaambukiza kaseti nyingine. Itenge kwenye mfuko wake.

Tazama pia katikati, pale utepe unapoonekana kwa mbele. Nyuma ya utepe kuna kipande kidogo cha kitambaa kizito kilichokaa juu ya chuma chembamba. Kazi yake ni kuusukuma utepe ugusane na hedi. Gundi yake huzeeka, kikadondoka, na hapo sauti husikika kama ya mtu anayeongea nyuma ya blanketi. Watu wengi hutupa kaseti kama hizo wakidhani sauti imefutika.

Vunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti. Bila vijino hivyo mashine haiwezi kurekodi juu yake, hata mtoto akibonyeza kitufe chekundu.

Halafu ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe nyuma hadi mwanzo, mara moja. Utepe uliokaa miaka 30 bila kuguswa huwa umejibana vibaya, na kuuzungusha hivyo huulegeza. Ukihisi mashine inavuta kwa shida, acha, tumia kalamu ya Bic kwa mkono.

Hatua ya tatu: kunyoosha hedi

Hatua hii wengi huiruka, na hapa ndipo tofauti kubwa ilipo. Kaseti ilirekodiwa na mashine moja, wewe unaicheza kwa nyingine. Hedi zao zikiwa zimeinama tofauti kidogo tu, zile sauti kali za juu hupotea: herufi s, sh, f, mlio wa matari, vigelegele.

Kando ya hedi kuna skrubu ndogo. Weka alama ya wino mahali ilipo sasa ili uweze kuirudisha. Cheza kaseti, vaa hedfoni, na kama deki au kompyuta yako inaweza kuunganisha sauti ya kushoto na ya kulia kuwa moja, iunganishe, kwa kuwa hivyo kosa husikika zaidi. Zungusha skrubu kidogo sana, robo ya robo ya duara, kwenda na kurudi, hadi sauti itakapofunguka. Utaijua ikifunguka. Ni kama mtu aliyekuwa anaongea kwa mgongo amegeuka kukutazama.

Fanya hivi kwa kila kaseti iliyotoka kwenye mashine tofauti. Ukifanya kazi hii baada ya kurekodi umechelewa, kwani hakuna programu itakayorudisha kile ambacho hedi haikukisoma.

Hatua ya nne: waya na tundu

Toka nyuma ya deki kwa waya wenye pini mbili, nyekundu na nyeupe, upande wa pili ukiwa na pini moja ndogo ya 3.5 mm. Kompyuta ya mezani nyuma yake ina matundu ya rangi: la kijani ni la kutoa sauti, la waridi ni la maikrofoni, la bluu ndilo unalolitaka.

Laptopu nyingi hazina la bluu. Zina tundu moja la hedfoni na maikrofoni pamoja, na ukichomeka deki hapo utapata upande mmoja tu wa sauti, tena iliyopasuka. Nunua kadi ya sauti ya nje ya USB, lakini hakikisha inapokea sauti kutoka kwenye deki kwa pande mbili, maana nyingi za bei rahisi zina tundu la maikrofoni peke yake. Muulize muuzaji akufungulie boksi uone.

Hatua ya tano: kurekodi

Natumia Audacity, programu ya bure ya kurekodi na kurekebisha sauti. Chagua kadi yako kama chanzo cha sauti, pande mbili, 44100 Hz. Cheza sehemu yenye kelele kuliko zote kwenye kaseti na urekebishe kipimo hadi vilele vifike kama −6 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti). Visiguse sifuri kamwe. Sauti iliyopasuka haiponi.

Zima milio ya arifa, zuia kompyuta isilale, kisha anza kurekodi kwenye kompyuta kabla hujabonyeza kucheza kwenye deki. Ile mivumo mitupu ya mwanzo usiikate, utaihitaji. Hapa hakuna njia ya mkato: kaseti ya dakika 60 itachukua dakika 60. Mimi hukaa hapo hapo nikisikiliza na daftari, nikiandika nani anaongea na dakika ya ngapi, na wakati mwingine humwita mama tukae wote, kwa sababu yeye anazijua sauti ambazo mimi sizijui.

Hatua ya sita: kuhifadhi

Hifadhi faili la kwanza kama WAV, aina ya faili isiyobana sauti, bila kuligusa. Kaseti ya dakika 60 itachukua kama MB 635, kwa hiyo flashi ya GB 32 hubeba kama kaseti 50. Kupunguza mivumo fanya kwenye nakala: chagua sekunde chache za ule mwanzo mtupu ili programu ijifunze kelele, kisha punguza kidogo. Mimi siendi zaidi ya 6 dB, kwa sababu ukizidisha, sauti ya mtu huanza kulia kama inatoka ndani ya chupa.

Ya kutumia familia iwe MP3. Kwa mazungumzo tu, ubora wa 64 kbps ya mono (kushoto na kulia zikiwa sauti moja) unatosha, na nusu saa itakuwa kama MB 14. Lipe jina linaloanza na mwaka: 1986_bibi_barazani_upandeA. Weka nakala tatu, moja ikae nje ya nyumba yako. Kaseti usiitupe.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Buruburu:* Kaka, nikirekodi nasikia mlio wa "mmmm" usiokoma. Kaseti ikisimama bado upo.

Kama upo hata kaseti ikisimama, basi hautoki kwenye kaseti, dada yangu. Ni wa stima, 50 Hz. Chomoa chaja ya laptopu, urekodi kwa betri. Mara nyingi huisha hapo hapo. Usipoisha, chomeka deki na kompyuta kwenye soketi moja, na usipitishe waya wa sauti sambamba na waya wa stima.

*Kutoka Kawangware:* Kaseti ya harusi ya wazazi imekatika. Nimeiunga kwa selotepu, inapita vizuri. Kuna ubaya?

Inapita leo, ndugu. Gundi ya selotepu huvuja pembeni na baadaye itagandisha mzunguko mmoja wa utepe na mwingine, ukatikie mahali papya. Ihamishe leo hii maadamu inapita. Ukipata tepu maalumu ya kuungia utepe, iondoe hiyo na uunge upya kwa upande wa nyuma, ule usiogusana na hedi. Kata kwa mshazari, usikate wima, ndipo kiungo kipite kimya.

*Kutoka South C:* Deki yangu ina swichi ya Dolby. Niiwashe?

Dolby ni mfumo wa kupunguza mivumo ya kaseti. Kama kaseti ilirekodiwa kwa Dolby, washa ile ile iliyoandikwa kwenye jalada. Ilirekodiwa kwa redio kaseti ya nyumbani? Zima, la sivyo utajifunikia sauti mwenyewe.

*Kutoka Kayole:* Samahani kwa swali refu. Nina kaseti ya marehemu baba ya mwaka 1991. Alirekodi kwa redio ya betri. Nikiicheza sauti yake ni nyembamba, ya haraka, kama ya mtoto. Nimeibadilisha kwa kukisia lakini mama anasema bado si yeye.

Pole kwa msiba, mdogo wangu, na asante kwa kuuliza. Betri zilikuwa zinaisha siku ile. Mota ilizunguka polepole wakati wa kurekodi, na sasa deki yako inacheza kwa mwendo kamili, ndiyo maana anakimbia. Usikisie. Je, kuna mahali kwenye kaseti redio inasikika? Watu walikuwa wanarekodi huku redio imewashwa.

*Kutoka Kayole:* Ipo! Mwishoni mwa upande A kuna BBC, vile vipipi vya saa kabla ya habari.

Hapo umepata saa yenyewe. Vipipi vile vilitoka kimoja kwa kila sekunde, sita kwa jumla, na cha mwisho ni kirefu. Kuanzia mwanzo wa cha kwanza hadi mwanzo wa cha mwisho ni sekunde 5 kamili. Kuza picha ya sauti kwenye Audacity, chagua kutoka hapo hadi hapo, usome urefu. Gawanya urefu huo kwa 5. Jibu ndilo namba ya kuandika kwenye sehemu ya kubadilisha kasi. Chagua ile inayobadilisha kasi pamoja na unene wa sauti, siyo ile ya tempo, yaani mwendo, peke yake. Halafu sikiliza mwanzo wa kaseti pia, kwa sababu betri huendelea kushuka: mwanzoni huenda akahitaji marekebisho madogo kuliko mwishoni. Ikiwa hivyo, rekebisha kwa vipande.

*Kutoka Kayole:* Nimepata 4.7, nikaandika 0.94. Dakika kumi za mwanzo nimeziwekea 0.97. Mama amesikiliza mara mbili hajasema kitu, halafu ameomba nimrudishie pale baba anapomwita kwa jina lake la nyumbani. Sasa naanza upande B.