Umepiga (umesakinisha) Windows 11 kwenye laptopu ya zamani afu haiwaki? Tafuta kwanza imeishia wapi

Wadau, Microsoft walifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo karibu kila wiki naletewa mashine iliyopigwa Windows 11 ikagoma kuwaka. Nyingi ni zile zilizotumika, za kutoka Kariakoo, prosesa ya kizazi cha 3 au cha 4, ambazo kwa karatasi za Microsoft hazitakiwi kabisa kuwa na Windows 11 maana wao wanataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka), ramu GB 4 na diski ya GB 64. Kuipiga inawezekana na inafanya kazi vizuri tu, mi mwenyewe naandikia kwenye moja hapa. Shida ni mtu ikigoma anarudia kupiga upya, ikigoma tena anapiga tena, na kila akirudia faili za mwenye mashine ndo zinazidi kupotea. Naomba sana tuache hiyo tabia.

Binti mmoja wa mwaka wa pili UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) alikuja kutoka Ng'ong'ona na laptopu imeshapigwa Windows mara tatu na mafundi watatu tofauti, ile mara ya pili ripoti yake ya field ikafutika yote. Akaniambia, "Kaka, inakaa siku mbili tatu safi, umeme ukikatika tu basi imekufa." Nikamuuliza betri ya laptopu inakaa chaji? "Hapana kaka, ilishakufa, natumia na chaja tu." Hapo nilishaanza kuelewa. Nikaingia kwenye BIOS, ile programu ya mashine yenyewe inayoanza kabla ya Windows, saa inasoma miaka ya nyuma kabisa, na sehemu ya diski imejirudisha kwenye RAID wakati Windows ilipigwa ikiwa AHCI (hizo ni namna mbili za mashine kuongea na diski). Kumbe Windows yake ilikuwa nzima muda wote. Kibetri kidogo cha ndani, kile cha CMOS cha volti 3, kilikuwa kimeisha, kwahiyo umeme ukikatika BIOS inasahau kila kitu inarudi mipangilio ya kiwandani, na Windows ikiamka haioni diski inatoa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Kibetri kikabadilishwa, AHCI ikarudishwa, ikawaka na kila kitu chake ndani.

Kwahiyo kabla hujagusa fleshi ingia BIOS uangalie saa. Kama tarehe ni ya ajabu anza na kibetri, kwenye mashine nyingi ni CR2032 ile ya duara kama sarafu, kwenye laptopu nyingine kina kawaya na plagi ndogo so kifungue ukakionyeshe dukani wakupe kinachofanana. Kuingia BIOS kwenye HP ni F10, Dell F2, ThinkPad F1, na kuchagua cha kuwashia HP ni F9, Dell na ThinkPad F12. Gonga hiyo batani mfululizo tangu unawasha, usisubiri nembo.

Sasa swali kubwa: imeishia wapi? Mashine ikiwaka inapita hatua zinazofuatana, BIOS inajikagua, inatafuta diski au fleshi, inasoma faili za kuwashia, halafu ndo Windows yenyewe inapanda. Ukijua imekwama hatua gani umeshamaliza nusu ya kazi.

Ikiwa skrini ni nyeusi kabisa, hata nembo ya kampuni haiji, taa ya Caps Lock inapepesa au inapiga milio, hapo Windows haihusiki hata kidogo, usipige chochote. Huku kwetu vumbi la kiangazi linaingia mpaka ndani ya laptopu, na mara nyingi ni ramu tu. Chomoa chaja na betri, toa ramu, zile meno za dhahabu zisugue taratibu na ufutio msafi wa penseli, rudisha moja moja ukijaribu kila tundu. Mashine ngapi nimeziamsha hivyo, hata sihesabu.

Ikiwa nembo inakuja halafu inasema hakuna kifaa cha kuwashia, au fleshi haionekani kabisa kwenye orodha, hapo ugomvi ni kati ya UEFI na Legacy, yaani njia mpya na njia ya zamani ya kuwashia, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Diski inagawanywa kwa mtindo wa GPT au MBR. UEFI inaenda na GPT, Legacy inaenda na MBR, ukichanganya Windows inakataa kujipanga kwenye diski au inajipanga halafu BIOS haiioni. Kwenye Rufus, ile programu ya kutengenezea fleshi ya kupigia Windows, chagua GPT na UEFI kama mashine ina UEFI inayoeleweka, na ukienda BIOS weka UEFI hiyo hiyo, Legacy izime. Laptopu za miaka ya 2011 na 2012 zingine UEFI yake haijakomaa, inaona fleshi leo kesho haioni, hizo mi naziweka Legacy na MBR moja kwa moja na Windows 11 inakubali. Secure Boot nayo izime wakati wa kupiga, maana Rufus ikitengeneza fleshi ya NTFS inaweka kifaili chake cha kuanzishia na BIOS nyingine inakigomea. Na chomeka tundu la USB 2.0, lile ambalo ndani sio bluu, mashine za zamani zinaelewana nalo zaidi.

Kwenye Rufus hiyo hiyo ukibonyeza Start inakuja dirisha linalouliza kama utoe masharti ya ramu, Secure Boot na TPM 2.0, weka tiki. Kama fleshi ulipewa na mtu na haikufanyiwa hivyo, ukifika pale inapokwambia kompyuta hii haiwezi kuendesha Windows 11 bonyeza Shift+F10 (laptopu zingine Fn+Shift+F10) lije dirisha jeusi la amri, andika regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\Setup, tengeneza ufunguo unaitwa LabConfig, ndani yake weka DWORD tatu: BypassTPMCheck, BypassSecureBootCheck na BypassRAMCheck, kila moja thamani 1. Funga, rudi nyuma hatua moja, endelea.

Fleshi zenyewe jamani. Kuna fleshi zimeandikwa GB 64 ndani ni GB 8, zinapokea faili zote bila kulalamika halafu ukifika asilimia arobaini inakutupia kosa 0x8007025D au 0x80070570, mtu anadhani diski imekufa ananunua diski nyingine. Rufus ina sehemu ya kukagua fleshi mbovu kabla haijaandika, inachukua muda lakini iwashe, inazikamata hizo feki. Na ISO (faili la Windows la kuweka kwenye fleshi) uliyogawiwa na rafiki ili kuokoa bando (ni zaidi ya GB 5, naelewa kabisa) ihakiki kwanza kwa kuandika kwenye Command Prompt certutil -hashfile jina.iso SHA256 kisha linganisha na namba iliyopo kwenye ukurasa wa Microsoft wa kupakulia. Herufi moja ikitofautiana itupe.

Ikiwa imepigwa ikaisha, ikajizima ikawaka, halafu skrini ya bluu yenye 0xc000000f au 0xc0000225, hapo mara nyingi faili za kuwashia ndo zimeharibika au hazikuandikwa, Windows ipo. Usifute! Washa na fleshi, Shift+F10, andika diskpart, kisha list vol, tafuta ile ndogo ya FAT32 yenye kama MB 100, tuseme ni namba 3, andika select vol 3, halafu assign letter=S, halafu exit. Sasa jua Windows iko herufi gani, maana ukiwa ndani ya fleshi C inaweza kuwa D, andika dir C:\ uone kama folda ya Windows ipo. Ukishaijua andika bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI na isubiri iseme imefanikiwa. Toa fleshi, washa. Mara nyingi inapanda hapo hapo. Hii ni kwa mashine ya UEFI, na ndani ya diskpart kaa mbali na neno clean, linafuta mgawanyo wote wa diski na halikuulizi mara mbili.

Ikiwa kosa ni INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE rudi kwenye hadithi ya yule binti, jaribu AHCI, isipokubali jaribu RAID, halafu uiache pale inapowaka. Ikikataa kote kote, na diski inalia kama inakwaruza au mashine inachukua nusu saa kufika kwenye nembo, diski inaelekea kufa. Okoa faili kwanza kabla ya kingine chochote, washa na Linux ya kwenye fleshi ukopi kila kitu nje.

Halafu kuna zile zinazoonyesha nembo ya Windows, zinajizima, zinawaka, nembo, zinajizima, bila kosa lolote. Angalia prosesa. Kuanzia toleo la 24H2 Windows 11 inahitaji maelekezo ya prosesa yanayoitwa SSE4.2 na POPCNT, na Core 2 Duo hazina. Hakuna mbinu ya Rufus wala ya regedit itakayoliondoa hilo kwa sababu kitu chenyewe hakimo kwenye prosesa. Core i za kizazi cha kwanza na kuendelea wanazo. Kama una Core 2 Duo piga Linux Mint ya XFCE, mfumo mwingine badala ya Windows, Mint 22 itapata masasisho mpaka 2029, na mtu wa kuandika ripoti na kuingia intaneti hatapungukiwa. Mint ikileta skrini nyeusi baada ya menyu ya mwanzo ni mambo ya kadi ya picha: kwenye menyu bonyeza herufi e, kwenye mstari unaoanza na linux ongeza neno nomodeset karibu na quiet splash, kisha F10. Ikishapigwa weka draiva sahihi.

Ikiwaka usikimbilie kurudisha. Mwambie mwenyewe ukweli kwamba Microsoft hawakuahidi masasisho kwa mashine isiyotambulika, na kwamba lile sasisho kubwa la mwaka huenda akalazimika kuliweka kwa mkono na fleshi, ili asije akashangaa. Nakili faili zake pembeni. Halafu chomoa chaja, toa betri kama inatoka, iache usiku kucha hivyo hivyo. Asubuhi chomeka, ingia BIOS, angalia saa na angalia kama AHCI bado ni AHCI, kisha iache ipande. Saa ikiwa sahihi na Windows ikafunguka, mpigie simu aje achukue.