Vipande vya blanketi: njia ya kujifunza mishono mipya ya krosheti

Kila mshono mpya ufumie kipande chake cha sentimita 15 kwa 15. Vipande 48, yaani 6 kwa 8, vinatoa blanketi la mtoto la sentimita 90 kwa 120. Tumia uzi wa unene wa kati na sindano ya krosheti (yenye ndoano) ya milimita 5 mwanzo hadi mwisho. Ukibadilisha uzi, vipimo havitalingana.

Anza na mshono mrefu, yaani ule unaozungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuiingiza. Fuma mnyororo wa vitanzi 22, ingiza sindano kwenye kitanzi cha nne kutoka kwenye sindano, endelea mpaka mwisho: vile vitatu ulivyoruka ni mshono mmoja, jumla 20. Geuza, panda kwa mnyororo wa vitanzi 3, kisha ruka mshono wa kwanza. Hapa ndipo wengi hukosea. Usiporuka, kipande kinatanuka; ukisahau kufuma juu ya vile vitanzi 3 mwishoni mwa mstari, kinapungua mmoja kila mstari na kuwa kama paa la nyumba. Hesabu kila mstari, hata ukijiamini.

Ukingo wa chini ukijikunja, mnyororo umekazwa mno. Ufume mnyororo tu kwa sindano ya milimita 6, kisha rudi kwenye ya 5.

Mshono wa kombe hutaka mafungu ya 6 na vitanzi 2 vya ziada, kwa hiyo anza na vitanzi 20: mshono mfupi (usiozungusha uzi kwanza) kwenye cha pili, ruka 2, mishono mirefu 5 kwenye kitanzi kimoja, ruka 2, mfupi. Rudia hadi upate makombe matatu.

Kabla ya kuunganisha, zungushia kila kipande mishono mifupi 20 kila upande, na 3 kwenye kila kona.